Ansible, Puppet, Salt au Chef? Mwongozo kamili wa kuchagua programu ya kusimamia seva za kampuni

Seva tatu unaweza kuziendesha kwa mkono bila shida. Zikifika kumi na tano, kila moja huanza kuwa na tabia yake. Hii imefungwa kuingia kwa nywila, ile bado iko wazi. Hii ina akaunti ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka juzi, ile saa yake iko nyuma dakika sita. Programu za kusimamia usanidi zilitengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Unaandika mara moja jinsi seva inavyotakiwa kuwa, programu inazipitia zote na kurekebisha kile tu ambacho hakijakaa sawa. Ukirudia kazi hiyohiyo mara kumi, matokeo ni yaleyale.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kampuni yenye seva kati ya 20 na 100, makao makuu mjini, matawi mikoani yanayotegemea laini za simu, na mafundi wawili au watatu wa TEHAMA. Usichague kwa orodha ya sifa zilizoko kwenye tovuti za watengenezaji, maana zote nne zinaweka vifurushi, zinaandika mafaili na kuwasha huduma. Angalia mambo mawili: nani anampigia mwenzake kwenye mtandao, na nani ataitunza programu hiyo baada ya aliyeifunga kuondoka.

Hatua ya 1: Andika ulichonacho

Fungua jedwali, seva moja kwa mstari mmoja. Safu zinazohitajika ni hizi: jina, anwani ya IP, mfumo wa uendeshaji na toleo lake, toleo la lugha ya programu ya Python (`python3 --version`), iko tawi gani, inafikiwa vipi kutoka makao makuu, na huzimika mara ngapi kwa mwezi.

Safu ya Python inadharauliwa, nayo ndiyo inayokwamisha watu wengi siku ya kwanza. Ansible hutumia Python iliyoko kwenye seva inayosimamiwa. Kuanzia toleo 2.17 la ansible-core, yaani kiini cha Ansible, Python 2.7 na 3.6 hazikubaliki tena upande huo. Kwa hiyo mfumo wa Linux wa CentOS 7, ambao muda wake uliisha tarehe 30 Juni 2024, uko nje. RHEL 8 (Linux ya Red Hat) na jamaa zake nazo zinasumbua: hata ukiziwekea Python mpya zaidi, moduli ya `dnf`, ile inayoweka vifurushi, inategemea maktaba zilizofungamana na Python 3.6 ya mfumo wenyewe. Kama unazo, itakubidi kutumia ansible-core 2.16 kwa seva hizo peke yake mpaka uzihamishe, na ujue kwamba toleo hilo halipokei tena marekebisho ya usalama.

Safu ya "inafikiwa vipi" ndiyo itakayoamua sehemu kubwa ya yanayofuata.

Hatua ya 2: Nani anampigia nani

Ansible husukuma. Mashine moja ya makao makuu inafungua SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao, kwenda kwa kila seva, inafanya kazi, inatoka. Hakuna kitu cha kufunga kwenye seva zaidi ya SSH na Python. Maana yake ni kwamba lazima makao makuu yaweze kuifikia seva muda huo.

Puppet, Chef na Salt kwa kawaida hutumia ajenti, yaani programu ndogo inayokaa kwenye kila seva na kupiga simu nyumbani. Ajenti ya Puppet hupiga kila baada ya dakika 30 kwenye poti 8140, na ile ya Chef kwa kawaida nayo ni dakika 30. Ya Salt hubaki imeunganishwa muda wote na seva kuu kupitia poti 4505 na 4506, kwa hiyo agizo linafika papo hapo.

Tawi linalotumia modemu ya simu kwa kawaida halina IP ya umma ya kwake. Limejificha nyuma ya IP ambayo mtoa huduma anawagawia wateja wengi kwa pamoja, na SSH kutoka makao makuu haiwezi kulifikia. Ajenti hazina tatizo hilo, kwa kuwa simu inatoka tawini. Ukitaka Ansible, lazima kwanza ujenge VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti. WireGuard inatosha kabisa: seva moja yenye IP ya umma, poti ya UDP uliyoichagua (51820 ndiyo iliyozoeleka), na kila tawi liwe na mstari `PersistentKeepalive = 25` ili njia isifungwe na vifaa vya mtoa huduma kukiwa kimya. Mstari huo ukisahaulika, tawi litaonekana linafanya kazi kwa dakika chache baada ya kuwashwa, kisha litapotea bila sababu inayoonekana.

Jambo la pili ni umeme. Umetuma badiliko saa nne usiku, tawi moja limezimika. Ansible itaandika `UNREACHABLE` na kuendelea na wengine, wala haitakumbuka deni hilo. Ni juu yako kurudia kesho kwa `--limit` na jina la seva ile. Ajenti ya Puppet ikiwaka asubuhi itachukua badiliko yenyewe. Kama matawi yako huzimika kila wiki, ajenti zina faida halisi hapo. Njia ya kati ni `ansible-pull`: kila seva inachota maagizo kutoka Git (hifadhi ya mafaili inayotunza historia ya mabadiliko) kwa ratiba ya cron na kujitekelezea. Inafanya kazi vizuri, ila hupati taarifa ya pamoja ya nani amefaulu na nani amekwama mpaka uijenge mwenyewe.

Hatua ya 3: Jua unaingia mkataba na nani

Programu hizi hukaa kwenye kampuni miaka saba, kumi. Katika kipindi hicho wenye mali hubadilika, na leseni hubadilika nao.

Ansible ilianzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, Red Hat ikainunua 2015, na Red Hat yenyewe ikawa mali ya IBM mwaka 2019. Ansible ya mstari wa amri bado ni ya chanzo huria na ya bure. Kinacholipiwa ni Ansible Automation Platform, kwa kuhesabu mashine unazozisimamia.

Puppet ya Luke Kanies ni ya 2005, nayo ilinunuliwa na Perforce mwaka 2022. Novemba 2024 Perforce ilitangaza kwamba vifurushi vipya itakavyovijenga havitapatikana tena kwenye hazina za umma kama zamani. Jumuiya ya Vox Pupuli ikajibu kwa kutoa OpenVox mwanzoni mwa 2025, inayosoma mafaili yaleyale ya Puppet. Anayeanza upya leo bila bajeti ya leseni aangalie OpenVox kwanza.

Salt ilianza 2011 kwa mkono wa Thomas Hatch, ikaenda VMware mwaka 2020, kisha Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023. Hazina yake ya vifurushi ilihamishiwa kwenye seva za Broadcom, na skripti nyingi zilizoandikwa kwa anwani ya zamani zikavunjika. Ukikuta maelekezo ya zamani ya kufunga Salt, anwani za kupakua ndizo za kukagua kwanza.

Chef ni ya 2009, na tangu 2020 iko chini ya Progress. Msimbo wake ni huria, lakini vifurushi vilivyojengwa tayari vinahitaji leseni kwa matumizi ya biashara. Kuna Cinc, toleo la jumuiya lisilo na sharti hilo. Chef inadai ujuzi wa Ruby kuliko wenzake. Kwa timu ya watu wawili ambao hawaandiki Ruby, hatuipendekezi. Kama tayari mnayo na inafanya kazi, hakuna haraka ya kuiondoa.

Terraform na OpenTofu hutajwa mara nyingi kwenye mjadala huu, lakini kazi yao ni nyingine: zinaunda mashine, mitandao na diski kwenye wingu. Zinakaa sambamba na mojawapo ya hizi nne, hazichukui nafasi yake. HashiCorp ilibadilisha leseni ya Terraform Agosti 2023, na OpenTofu ilizaliwa kutokana na hilo.

Hatua ya 4: Jaribu mbili kwenye seva tano

Chagua programu mbili tu. Kwa kampuni tuliyoieleza juu, jozi ya maana ni Ansible na OpenVox, au Ansible na Salt kama mnahitaji maagizo yafike kwa sekunde. Tenga seva tano: mbili za makao makuu, mbili za matawi, na moja iliyo kuukuu kuliko zote. Hiyo kuukuu usiiache, maana ndiyo itakayokuonyesha ukweli. Wiki mbili zinatosha.

Kazi ziwe zilezile kwa programu zote mbili: kurekebisha saa kwa chrony, kuweka akaunti za mafundi na funguo zao, kufunga kuingia kwa nywila kwenye SSH, kuweka masasisho ya usalama, na kuweka kanuni za ngome ya mtandao.

Kwa upande wa Ansible, tengeneza seva ndogo ya Linux yenye RAM ya GB 2 iwe kituo cha kuamrishia. Usitumie kompyuta ya mtu. Siku akiwa likizo kazi zote zinasimama, na ikiibiwa, imekwenda na funguo za seva zote. Windows haiwezi kuwa kituo isipokuwa kupitia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Ubuntu 24.04 itakataa `pip install` kwenye mfumo mzima, kwa hiyo tumia pipx:

```
sudo apt install pipx
pipx install --include-deps ansible
```

Kwa zile seva kuukuu, kwenye kituo kingine andika `"ansible==9.*"` badala ya `ansible`, hilo ndilo linalokuja na ansible-core 2.16. Kisha tengeneza `seva.ini`:

```
[makao_makuu]
10.20.0.11
10.20.0.12
10.20.0.13

[matawi]
10.90.0.2
10.90.0.3

[majaribio:children]
makao_makuu
matawi
```

Na `ansible.cfg` kwenye folda hiyohiyo:

```
[defaults]
inventory = ./seva.ini
forks = 20

[ssh_connection]
pipelining = True
```

Mstari wa `forks` una uzito. Bila huo, Ansible hushughulikia seva tano kwa wakati mmoja, na seva 40 zitapita kwa mafungu manane kwa kila kazi. `pipelining` hupunguza safari za SSH, na kwenye laini ya simu yenye kuchelewa tofauti inaonekana wazi. Inagoma pale tu ambapo sudoers, faili la ruhusa za msimamizi, ina `requiretty`. Kumbuka pia kwamba folda ikiwa inaandikika na kila mtu, Ansible hulipuuza faili hili na kutoa onyo tu.

Anza na `ansible majaribio -m ping`. Hii haipimi mtandao peke yake. Inaingia kwa SSH na kuendesha Python, kwa hiyo jibu la `pong` linamaanisha njia nzima iko sawa. Baada ya hapo andika `msingi.yml`:

```
- hosts: majaribio
  become: true
  serial:
    - 1
    - "100%"
  max_fail_percentage: 0
  tasks:
    - name: Weka chrony
      ansible.builtin.package:
        name: chrony
        state: present

    - name: Funga kuingia kwa nywila
      ansible.builtin.copy:
        dest: /etc/ssh/sshd_config.d/10-kampuni.conf
        content: |
          PasswordAuthentication no
          PermitRootLogin no
        owner: root
        mode: "0600"
        validate: /usr/sbin/sshd -t -f %s
      notify: Pakia ssh upya

  handlers:
    - name: Pakia ssh upya
      ansible.builtin.service:
        name: "{{ 'ssh' if ansible_facts['os_family'] == 'Debian' else 'sshd' }}"
        state: reloaded
```

Faili hili fupi limebeba mitego minne, na inafaa kuielewa kabla ya kuendelea.

Wa kwanza ni jina la faili, `10-kampuni.conf`. Nakala tayari (image) nyingi za Ubuntu za kwenye wingu huja na `50-cloud-init.conf` yenye `PasswordAuthentication yes`. SSH huchukua thamani ya kwanza inayokutana nayo, na folda hii husomwa kabla ya faili kuu. Ukiandika `no` kwenye `sshd_config` yenyewe, Ansible itaripoti kufaulu, faili litakuwa sahihi, na seva itaendelea kupokea nywila. Namba 10 inatangulia 50, na hapo yako ndiyo inayoshika. Thibitisha kwa `sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication`, amri inayoonyesha kile SSH inachokitumia kweli. Kwenye RHEL 8 folda hiyo haisomwi kwa kawaida, kwa hiyo huko utahariri faili kuu.

Wa pili ni `validate`. Bila mstari huo, kosa moja la herufi litafika kwenye seva, na SSH ikiwashwa upya haitaamka. Kwenye tawi lililo kilomita 600, hiyo ni safari ya basi.

Wa tatu ni `PermitRootLogin no`. Kama Ansible yako inaingia kama root, akaunti kuu ya mfumo, umejifungia nje kwa mkono wako. Akaunti ya fundi yenye sudo iwepo na iwe imejaribiwa kabla.

Wa nne ni kule chini, kwenye `handlers`, yaani kazi zinazoendeshwa mwishoni pale tu kitu kimebadilika. Kazi inayofuata ikifeli, upakiaji upya hautafanyika kwa seva hiyo. Ukirekebisha na kurudia, Ansible itakuta faili limeshakaa sawa, haitaona badiliko, na SSH haitapakiwa upya kamwe. Seva inabaki na usanidi mpya kwenye diski na wa zamani kwenye kumbukumbu. Zoea kutumia `--force-handlers`.

Endesha kwanza kwa kutazama tu, kisha kweli, kisha rudia:

```
ansible-playbook msingi.yml --check --diff
ansible-playbook msingi.yml --force-handlers
ansible-playbook msingi.yml --force-handlers
```

Mara ya mwisho lazima uone `changed=0` kwa kila seva. Usipoiona, kuna kazi inayobadilisha kitu kila inapopita, na mara nyingi ni ile iliyoandikwa kwa `shell` au `command`. Hizo mbili pia hurukwa wakati wa `--check`, kwa hiyo ukaguzi safi hauhakikishi kitu kwa mafaili yaliyojaa `shell`. Na kama `apt` inalalamika kwamba kuna mwingine ameshika kufuli, huyo ni `unattended-upgrades`. Ongeza `lock_timeout: 300` kwenye kazi ya `apt`.

Upande wa ajenti wakati wa jaribio

Puppet na OpenVox hutumia vyeti, na vyeti hutegemea saa. Mashine kuukuu yenye betri ya ubao-mama iliyokufa hurudi nyuma miaka kadhaa umeme ukikatika. Ikiwaka, cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, ajenti inakataliwa, na kwa kuwa inakataliwa haiwezi kupokea maagizo ya kurekebisha saa. Weka chrony kabla ya ajenti, na uhakikishe `makestep 1 3` imo kwenye usanidi wake ili iruke hadi saa sahihi badala ya kusogea polepole.

Seva kuu ya Puppet hukimbia juu ya Java na kwa kawaida hujitengea GB 2 za kumbukumbu, kwa hiyo ipe mashine ya GB 4 angalau. Kwenye ajenti washa `splay = true`. Umeme ukirudi kwa matawi kumi kwa pamoja, ajenti zote hupiga dakika ileile, `splay` huzitawanya.

Salt ina onyo lake. Aprili 2020 yalitangazwa mashimo ya usalama ya CVE-2020-11651 na CVE-2020-11652, yaliyomwezesha mtu yeyote anayefikia poti za seva kuu kuamrisha mashine zote zilizo chini yake, na mashambulizi yalianza siku chache baadaye. Matoleo ya kuanzia 2019.2.4 na 3000.2 yalizibwa. Hata hivyo, usiache 4505 na 4506 wazi kwa intaneti nzima. Matawi yenye IP inayobadilika huwezi kuyaruhusu kwa anwani, kwa hiyo hata kwa Salt utarudi kwenye WireGuard. Funguo za mashine mpya zikubali mojamoja kwa `salt-key -a` baada ya kulinganisha alama za ufunguo. `salt-key -A` inakubali kila aliyebisha hodi.

Kosa la pamoja kwa zote zenye ajenti ni kunakili mashine pepe baada ya ajenti kufungwa. Nakala zinabeba jina na ufunguo uleule, na seva kuu inaziona kama mashine moja inayobadilika badilika. Futa vyeti au funguo kwenye kielelezo kabla ya kunakili.

Hatua ya 5: Pima

Siku ya tano ya jaribio, futa usanidi wa chrony kwenye seva moja makusudi. Uone nani anagundua, na baada ya muda gani. Siku ya nane, zima tawi moja usiku, tuma badiliko, liwashe asubuhi. Siku ya kumi, mpe kazi fundi ambaye hakushiriki, akiwa na maandishi tu, aongeze seva ya sita bila kuuliza. Jaribio hili la mwisho lina uzito kuliko mengine yote mawili, kwa sababu programu inayoeleweka na mtu mmoja itakufa siku akiajiriwa kwingine.

Kwa seva chini ya 50 zenye VPN inayosimama, Ansible hushinda karibu kila mara. Zikizidi mia, au mkaguzi akidai seva zijirudishe zenyewe zikichezewa, OpenVox inastahili gharama yake. Windows Server hazibadilishi uamuzi huu: Ansible huzifikia kwa WinRM poti 5986, na tangu ansible-core 2.18 kwa SSH pia. Kompyuta za mezani za wafanyakazi ziache kwenye Group Policy ya Windows.

Hatua ya 6: Ingiza kazini

Maagizo yote yakae Git, na hakuna badiliko linaloingia bila mtu wa pili kulisoma. Kampuni zinazoshika taarifa binafsi za wateja chini ya sheria ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022 zitapata faida ya ziada hapo, maana historia ya Git inaonyesha nani alibadilisha nini na lini. Nywila zifungwe kwa `ansible-vault` kabla hazijaingia Git. Ikishaingia wazi mara moja, kuifuta kwenye faili hakutoshi, kwa kuwa inabaki kwenye historia. Badilisha nywila yenyewe.

Panua taratibu: `serial` iwe seva moja, kisha `"10%"`, kisha `"100%"`. Seva ya kwanza isiwe ya hifadhidata wala ya malipo. Acha siku mbili kati ya fungu na fungu kwa mabadiliko ya SSH na ngome ya mtandao.

Mkitaka ukurasa wa kubonyeza badala ya mstari wa amri, fikirini mara mbili kuhusu AWX, kiolesura huria cha wavuti cha Ansible: siku hizi hufungwa juu ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena, na matoleo yake yalisimamishwa baada ya 24.6.1 ya Julai 2024. Semaphore, inayofanya kazi hiyohiyo, ni faili moja linaloendeshwa kwenye seva ya kawaida, na kwa timu ndogo linatosha.

Mwisho, weka nakala rudufu ya kituo cha kuamrishia nje ya mtandao wake: hazina ya Git, ufunguo wa SSH, nywila ya `ansible-vault`, na kwa Puppet folda nzima ya vyeti ya seva kuu. Folda hiyo ikipotea, utalazimika kuzipitia ajenti zote na kuzipa vyeti upya, tawi kwa tawi.